Mbegu hailazwi nyumba moja

Mwaka juzi niligawa mbegu za mumunye kwa majirani sita wa mtaa wetu hapa Nzuguni, Dodoma. Nilizitia kwenye bahasha ndogo za kaki, mbegu nane kila bahasha, nikazipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba wiki ile mawingu yalipoanza kujikusanya. Nilijiona mtu wa maana. Mwezi wa tatu simu zikaanza. Wa kwanza aliuliza kwa adabu kama mamumunye ya kwetu Tanga ndivyo yalivyo, machungu hivyo. Wa pili hakuwa na subira: "Dada, hii ni mboga au dawa ya minyoo?" Alikuwa amemwaga sufuria nzima.

Na alifanya vizuri kuimwaga. Mumunye na kibuyu ni mmea mmoja, wataalamu wanauita Lagenaria siceraria, na nyuma ya ukuta wetu kuna mzee anayelima vibuyu vya maziwa. Maua yake meupe hufunguka jioni, nondo na nyuki wakapita juu ya ukuta bila kuniaga. Tunda nililolitolea mbegu lilikuwa tamu, tulilila wenyewe tunda lake pacha, kwa sababu nyama ya tunda hufuata mama. Mbegu zilizomo ndani ni watoto, nao wana baba. Baba alikuwa kibuyu. Uchungu ule ni sumu halisi ya jamii ya maboga na matango, inatapisha na kuharisha, na hauondoki kwa kupika. Tangu siku hiyo kila mumunye na kila boga la mbegu ya nyumbani naonja kipande kibichi kwanza kwenye ncha ya ulimi. Likiwa chungu natema na kulitupa zima.

Lakini uchungu wa mboga ulipita. Kilichonikera zaidi ni kwamba nilipotaka kurudi nyuma, nitafute mbegu safi ya kabla ya kuchanganyika, sikuwa na pa kurudi. Mbegu zote zilikuwa zimetoka chungu kimoja, nyumba moja, mwaka mmoja nisioukumbuka vizuri, na bahasha zote sita nilizogawa hazikuwa na neno hata moja juu yake. Mimi niliyesoma na ninayeandika kila siku.

Ndiyo maana nawashangaa kidogo watu wanaponiuliza habari za kuhifadhi mbegu Dodoma na swali lao la kwanza likawa friji. Hapa mbegu haipotei kwa kukosa friji. Inapotea kwa kukosa jina, na kwa kulala nyumba moja.

Nianze na hilo la friji ili tulimalize. Nimekulia Muheza, ambako ukiacha kunde kwenye kopo lisilofungwa vizuri utakuta zimeota ukungu kabla hujakumbuka ulikoziweka. Adui wa mbegu ni unyevu na joto vikishikana mikono. Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: unyevu ulio ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia moja, maisha ya mbegu hiyo ghalani huongezeka mara mbili hivi, na joto la mahali inapokaa likipungua kwa nyuzi 5 hivi, vilevile. Sasa angalia Dodoma. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima haivuki sana milimita 600. Kuanzia Juni hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka na usiku unatafuta blanketi. Hali ya hewa hii ambayo wahamiaji tunailalamikia kila siku ndiyo ghala lenyewe. Mtu wa Muheza angelilipia.

Tatizo letu ni nyumba. Tembe ya Kigogo, yenye paa la udongo na ukuta mnene, ilikuwa na ubaridi wake hata Oktoba. Sisi wa viwanja vilivyopimwa tunakaa chini ya bati, wengine bila dari, halafu mbegu tunaziweka juu ya kabati la nguo, yaani mahali penye joto kuliko pote ndani ya nyumba. Zishushe chini. Chungu kilichokaa sakafuni kwenye chumba kisichopigwa na jua la mchana kinatosha kwa mboga nyingi kwa miaka miwili mitatu. Friji si mbaya, ila inataka chupa isiyopitisha hewa kabisa na subira: ukiitoa chupa baridi ukaifungua papo hapo, inatoka jasho ndani, na jasho hilo ni maji juu ya mbegu. Iache mpaka ipate joto la chumba. Na umeme ukikatika mara tatu kwa wiki, umeifanyia mbegu yako mchezo wa kuamsha na kulaza.

Kukausha ndiko kwenye kazi. Si juu ya bati mchana, huko unakaanga. Ni kwenye ungo, kivulini, penye upepo, na upepo Dodoma haununuliwi. Kipimo cha bei rahisi ni chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na konzi moja ya mbegu, funga, tikisa, iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15 au karibu na hapo. Isipoganda, usishangilie, kwa mbegu ya kufungia chupani anika siku nyingine mbili tatu. Mbegu mbichi ndani ya chupa iliyofungwa barabara inaoza haraka kuliko iliyoachwa wazi.

Basi, hayo ya ghala yanatosha. Mama mkwe wangu wa Mvumi anayajua yote bila Harrington, na ni kwake nilikoelewa ghala linakomea wapi.

Mwezi wa tisa uliopita nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje, kibuyu cha kunde mapajani. Mdomo wa kibuyu ulikuwa umezibwa kwa gunzi la mhindi na kusilibwa kwa samadi ya ng'ombe iliyokauka kama saruji. Aliibandua kwa kisu, akamimina kunde kwenye ungo. Zilitoka pamoja na jivu, jivu jingi, karibu nusu kwa nusu, limejaa kila upenyo kati ya punje na punje hadi mdudu asipate pa kupita. Akapepeta. Jivu likaenda na upepo, kunde zikabaki, nyekundu, zenye jicho jeusi. Kisha akaanza kuchambua kwa ukucha, moja moja, asiyeharakishwa na mtu. Zenye tundu la mviringo alizitupia kuku. Zenye vidoa vyeupe vidogo vilivyogandamana na ganda, ambavyo mimi nilidhani ni jivu lililobaki, alizitenga pia. Yale ni mayai ya bungua.

"Yenye tundu si mbegu, mwanangu," alisema, "ni nyumba ambayo mpangaji ameshahama."

Nikamuuliza hizi kunde zinaitwaje. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake mwenyewe. "Hizi za shangazi yake mumeo wa Bahi. Alikuja nazo harusi ya yule mkubwa. Zinavumilia. Zile nyingine," akaonyesha chungu kingine, "nilipewa na mama mmoja tulikutana naye hospitali, zinawahi, lakini majani yake magumu." Akaendelea hivyo kwa vyombo saba. Kila kimoja kilikuwa na mtu aliyetoka naye, mahali, tukio, na tabia yake shambani. Hakuna hata herufi moja iliyoandikwa, na hakuna hata chombo kimoja alichokosea.

Nilirudi mjini nikiwa na aibu na wasiwasi kwa wakati mmoja. Aibu kwa sababu ya bahasha zangu za kaki. Wasiwasi kwa sababu vyombo vile saba vina lebo, ila lebo zote zimo ndani ya kichwa cha mama wa miaka sabini na nne. Siku kichwa hicho kikifungwa, tutagawana kunde zake vizuri tu, tena kwa upendo, na tutazila. Mbegu isiyojulikana tabia yake ni chakula kilichochelewa kupikwa.

Kwa hiyo mimi sasa naandika mambo manne tu: jina, mahali ilikotoka, mwaka ilipovunwa, na aliyenipa. Jambo la tano, tabia, naliandika nikiwa na nafasi. Naandika kwa penseli, kwa sababu wino unakimbia ukiguswa na maji na unapauka juani, penseli haina habari na vyote viwili. Karatasi moja naibandika nje ya chupa na nyingine naitia ndani pamoja na mbegu, maana ya nje itabanduka tu, hata ungeitia gundi ya aina gani.

Mahali ndipo watu wanapoparuka haraka, na ndipo pa kukaa. Hapa Kongwa, 1947, serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga, matrekta kwa mamia, wataalamu, reli na bandari mpya kule kusini. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umefutwa. Karanga walizijua, na fedha walikuwa nazo. Udongo unaokuwa mgumu kama sakafu mvua zikikatika, na mvua zenyewe zinazokatika bila taarifa, hivyo hawakuvijua. Sasa jirani yako anakupa nyanya "nzuri sana" alizotoka nazo Lushoto. Nzuri wapi? Kwenye ukungu na mvua za mara kwa mara. Ukiandika "Lushoto" kwenye lebo, mwaka wa kwanza utapanda chache za kujaribu karibu na bomba. Usipoandika utajaza tuta zima, kisha useme mbegu za kuhifadhi hazina maana.

Na jina nalo lina mitego, hasa Dodoma ya leo. Tangu serikali ilipotangaza 2016 kwamba sasa inahamia kweli, mji huu umepokea watu wa kila mkoa, na kila mmoja amekuja na kifurushi cha kwao. Ihumwa, Kisasa, Ilazo, Nkuhungu, pita nyuma ya nyumba utaona Tanzania nzima imepandwa kwenye ndoo zilizotoboka. Mnavu wa huyu ni mnafu wa yule. Na mlenda ndiyo kabisa. Rafiki yangu wa Pwani aliomba mbegu za mlenda kwa mama wa Kigogo anayeuza mboga, wakaelewana kwa tabasamu, kumbe kila mmoja anafikiria mmea wake. Wa rafiki yangu ni ule unaopandwa kwenye tuta, mbegu zake zina ganda gumu hata usipozitumbukiza kwenye maji ya moto sekunde chache zitakaa ardhini zimelala, na wewe utazitangazia kifo. Wa yule mama haupandwi na mtu. Unajiotea shambani mvua ikinyesha, unachumwa, unakaushwa, unatwangwa, na unga wake unakaa mwaka mzima.

Niruhusiwe kuchepuka hapo kidogo. Huo mlenda wa kujiotea ndio mboga iliyowalisha watu wa nchi hii kiangazi chote kwa vizazi, na ndio pekee ambao sijaona mtu wa mjini ameutunzia mbegu. Kwa nini atunze? Shamba lilikuwa linaitunza lenyewe. Lakini shamba hilo sasa ni kiwanja namba fulani kitalu fulani, kimemwagwa kifusi na kuwekwa vigae vya saruji. Mbegu ambayo ghala lake lilikuwa ardhi yenyewe haina chupa ya kukimbilia. Mwaka huu nimekusanya mifuko miwili ya vitumba vyake vilivyokauka, kutoka ukingo wa barabara ya vumbi, watoto wa jirani wakinicheka.

Turudi kwenye chupa. Nikishaziandika nazipanga vipi? Nilijaribu kwa alfabeti, nikawa natafuta bamia kila siku na sifiki kwenye zabibu, ambayo hata hivyo haipandwi kwa mbegu. Nikajaribu kwa jamii, jamii ya kunde huku, jamii ya maboga kule. Ni mpangilio wa mwalimu, si wa mtu mwenye jembe. Mpangilio uliokaa ni masanduku mawili. La kwanza naliita la mvua: kunde, maboga, mamumunye, njugu mawe, bamia, vitu vinavyotoka Novemba mwishoni na kusubiri wingu. La pili ni la ndoo: mchicha, nyanya, sukuma wiki, vitunguu, vitu vya kiangazi vinavyoishi kwa maji ninayobeba jioni. Kwa Dodoma hayo ndiyo maswali mawili tu yaliyopo. Sanduku la ndoo linafunguliwa mara nyingi, kwa hiyo mbegu zake nazigawa kwenye vichupa vidogo nisiufungulie unyevu mtungi mzima. Vitunguu naviweka mbele kabisa. Mbegu yake haina maisha marefu, mwaka mmoja, ukibahatika miwili, na ikipita hapo unapanda matumaini. Nyanya inakwenda miaka minne bila shida.

Kabla ya kumpa mtu mbegu ya zamani naijaribu. Punje ishirini kwenye kitambaa kibichi, ndani ya sahani, juu yake sahani nyingine. Kunde zinajibu kwa siku nne. Zikiota kumi na nne najua ni za kupanda kwa kukaribianisha; zikiota sita nasema wazi, au sitoi. Angalizo moja tu, mgagani uliovunwa majuzi unaweza kugoma miezi kadhaa ingawa ni mzima. Huo usiuhukumu.

Na hapa ndipo tunafika kwenye kugawana, ambako nina ugomvi na watu ninaowapenda.

Wazo linalozunguka kwenye vikundi vya kina mama ni "benki ya mbegu", na kwa sababu wote ni wanachama wa vicoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa fedha, benki hiyo inachorwa kwa sura ya kikoba: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, mwanachama anakopa kibaba na kurudisha vibaba viwili baada ya mavuno. Inapendeza kwenye karatasi. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Tatizo ni kwamba kufuli tatu zinazuia mwizi, na mwizi si adui wa mbegu hapa. Adui ni Februari. Kila anayelima Ugogo anajua mvua inavyoweza kuanza kwa mbwembwe Desemba, ikasimama wiki tatu katikati ya msimu kunde zikiwa na maua. Msimu kama huo wote mliokopa mnakosa kwa pamoja, kwa sababu wote mnakaa mtaa mmoja. Deni la vibaba viwili linakuwa la aibu. Dada mmoja wa kikundi chetu alikopa bamia, konzi moja tu, zikakauka. Aliacha kuja vikaoni, kisha akaacha kunisalimia. Thamani ya bamia zile haifiki nauli ya daladala kwenda Majengo. Riba inafaa kwa fedha kwa sababu fedha haihitaji mvua. Na sanduku lenyewe, likikaa mwaka wa tatu bila kufunguliwa huku ufunguo mmoja umehamia Mwanza, linakuwa kaburi lenye kufuli.

Wenyeji wa nchi hii walishalitatua jambo hili zamani, kwa ng'ombe. Mgogo mwenye mifugo halazi ng'ombe wake wote boma moja. Wengine anawawekesha kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa kijiji cha mbali. Mwenye boma anakunywa maziwa, anatumia samadi, na ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukipiga upande mmoja au mvua ikikosa, hajafilisika. Watu waliofanya hivyo hawakuwa wakisoma vitabu vya bima. Walikuwa wanaikumbuka njaa. Ile ya Mtunya, iliyoshika Ugogo kuanzia 1917 hivi baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kwa ajili ya vita vyao, bado inatajwa kwa jina lake na wazee.

Wakubwa wa dunia nao wamefika palepale kwa njia ndefu. Kule Svalbard, Norwei, kuna ghala lililochimbwa ndani ya mlima, lilifunguliwa 2008, mbegu zinakaa nyuzi 18 chini ya sifuri. Wengi wanalisimulia kama sanduku kubwa kuliko yote, lakini kinachohifadhiwa mle ni nakala. Mbegu ya kwanza iko kwa mwenyewe, na mwenye kuweka ndiye mwenye kutoa. Vita vya Syria vilipoufanya mji wa Aleppo usifikike, kituo cha utafiti wa mazao ya nchi kame, ICARDA, kilichokuwa na benki yake jirani na hapo, kilikwenda Svalbard 2015 kuchukua amana yake. Kikazipanda upya Lebanoni na Moroko, na 2017 kikarudisha nakala ghalani. Ni ng'ombe aliyewekeshwa kwa shemeji, huyo. Hata sisi tuna hifadhi ya taifa ya nasaba za mimea, Arusha, na huko Arusha pia kipo kituo cha kimataifa cha mboga chenye mbegu nyingi za mboga zetu za asili. Ni kazi ya maana, ila haiwezi kuniletea mumunye la mtaa wangu wiki ya kwanza ya Desemba.

Kwa hiyo sikopeshi tena mbegu. Naweka amana. Nikikupa kunde leo, sikudai vibaba viwili. Nakudai kitu kigumu zaidi: uzipande angalau mara moja kila miaka mitatu, usizichanganye na nyingine, na nikija siku nimeishiwa unipe konzi. Zikikauka shambani kwako, niambie tu, bila kujificha, nitakuletea nyingine kutoka nyumba ya pili. Kila mbegu lazima iwe na nyumba tatu, na nyumba hizo zisiwe jirani. Kwa kunde, karanga na nyanya, ambazo kwa sehemu kubwa hujichavusha zenyewe, umbali huo ni wa kukwepa ukame na panya. Kwa maboga, mamumunye, mchicha na mahindi, ni wa kukwepa baba wa kambo pia.

Ninachokihitaji kuliko sanduku ni kaunta buku. Safu nne: mbegu, nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, nyumba ya tatu. Daftari la kikundi chetu sasa lina mbegu thelathini na moja, na hakuna chupa hata moja tunayoimiliki kwa pamoja.

Watu wanauliza sheria. Sheria ya Mbegu ya 2003 inashughulikia mbegu zinazoingia sokoni: mwenye kuuza asajiliwe, mbegu ithibitishwe na TOSCI, taasisi ya serikali ya ubora wa mbegu, kule Morogoro, iwe na lebo. Kuna pia daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambalo mkulima mdogo anaweza kusajiliwa, akakaguliwa, akauza kwenye eneo lake, na kwa vikundi vya Chamwino au Bahi vyenye mtama na karanga nzuri hiyo ndiyo njia ya kwenda wakitaka biashara. Sisi hatuuzi, wala hatugawi aina zenye hakimiliki ya mgunduzi, ambazo zina sheria yake ya 2012. Sina chuki na lebo ya serikali. Nimewahi kununua kopo la mbegu za mchicha kwenye duka moja la pembejeo, likaota magugu matupu, na ningekuwa nimekwangua namba ya uhakiki kwanza ningeokoa fedha yangu. Lebo ile na karatasi yangu ya penseli zinajibu swali lilelile: nani anasimama nyuma ya punje hii?

Na zile za chotara, za kopo zenye alama ya F1, tusizidanganyie. Nyanya yake ni nzuri, kula. Ukitunza mbegu zake mwakani utapata familia iliyotawanyika, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja hazai. Si kwamba kampuni imeweka uchawi, ni mchanganyiko wa wazazi wawili unaojigawa upya. Ukitaka kumpa mtu, andika "chotara" kwa herufi kubwa, au usimpe.

Habari ya mumunye langu. Kwenye daftari lilikuwa na mstari mtupu, jina tu na nyumba tatu zenye alama ya kuuliza. Mwezi uliopita mume wangu alimpigia shangazi yake, yuleyule wa Bahi, kwa habari nyingine kabisa, na katika mazungumzo shangazi akaomba amwambie mkwe wa Tanga kwamba mbegu alizomletea mwaka ule wa msiba bado anazo, anapanda kando ya kisima, na matunda yake matamu. Mimi sikumbuki kumpelekea. Mwaka wa msiba ni 2018; kibuyu cha mzee wa nyuma ya ukuta kilikuwa bado hakijafika Nzuguni. Ameshanitumia kumi na mbili kwa dereva wa basi, zimefungwa kwenye kipande cha kanga, bila maandishi yoyote. Nne nazipeleka Kondoa, nne zinakwenda Mvumi, na mvua ikianza nitapanda mbili.